Mkeka wa Lulu

Mama Lulu,

Maharage yameiva, bado chumvi tu. Lulu apewe uji akitoka madrasa.

Naenda Zuzu kwa shoga yangu Stara. Nitarudi jioni. Hapana, futa hiyo, nitalala huko.

Asubuhi nimeukuta mkeka niliomsukia Lulu umetandikwa kwenye banda la kuku. Nilipokuuliza ukacheka: "Mama, siku hizi kuna ya plastiki, nani ataulalia huo?" Mkeka ule tuliusuka mimi na Stara kiangazi kizima, huku tunapiga soga. Tangu mzee afariki, raha yangu ni hiyo.

Ya plastiki ni mizuri, sikatai.

Usisahau kuzima mkaa. Lulu akiniulizia, mwambie nimeenda kusuka. Usimwambie nimelia.

Bibi yake Lulu