Bisibisi ya kitanda cha Neema
Jumanne, Jakobsberg, Uswidi

Imepinda kwenye skrubu ya pili tu, bisibisi mpya ile. Kitanda cha binti yangu Neema kikabaki vipande, naye kila jioni ananiuliza kama kimepona.

Leo nimeirudisha dukani. Nilikwenda na jirani yangu Mama Furaha awe shahidi, maana kwetu Bukavu muuzaji angesema nimeipinda mwenyewe. Kwenye basi tulipanga namna ya kugombana.

Muuzaji akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

"Shahidi wangu."

Akacheka, akanipa bisibisi nyingine, nzito zaidi, bila hata kuuliza nani aliipinda.

Mama Furaha akanuna. "Umenitoa nyumbani bure, dada. Hata sijafungua kinywa."

Kitanda kimesimama. Neema amelala humo peke yake, na mimi godoro tulilokuwa tukilala wote wawili limenizidi ukubwa. Nitazoea.