Mlango wa Bibi Kolotilda

Alhamisi. Ngara, ukungu tangu alfajiri, na mimi nimeamka nao kichwani.

Wasomaji wangu mnajua (nyote kumi na mmoja, na wawili kati yenu ni mimi kwenye simu nyingine) kwamba kwa miezi kadhaa nachora nyumba za watu watakaohamia Mirihi. Sijasomea. Nilianza kwa kusoma makala za mtandaoni, nikaendelea kwa ukaidi. Nyumba zangu zimepangwa duara, milango yote ikitazamana, ili mtu aliye mbali na kwao asijione mpweke.

Hiyo ni ndoto. Kibarua changu ni kufunga kamba na kupigilia vigingi kwenye kambi ya muda ya wakimbizi wa Burundi, pale yanaposimamishwa maturubai. Safu zangu zimenyooka kiasi kwamba msimamizi huwaleta wageni kuzitazama.

Jumatatu niliipangia familia moja viwanja viwili: Bibi Kolotilda upande huu, binti yake Lea na mumewe upande ule. Hatua nne kutoka mlango hadi mlango. Nikajiona nimewafanyia hisani.

Bibi akaniita pembeni. "Mwanangu, geuza mlango wangu. Siwezi kukaa macho kwa macho na mkwe wangu."

"Bibi, safu itaharibika."

"Hiyo safu ni mama yako?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda zangu. Nilikuwa na mchoro wa kumalizia.

Siwezi kusema sikujua.

Mimi ni Mhangaza, wa hapahapa Ngara, na mila zetu na za Warundi ni ndugu. Baba yangu akimwona mama mkwe wake kwa mbali kwenye njia ya Mugoma, alikuwa anaingia migombani na baiskeli yake, hata akiwa na suti ya kanisani. Heshima hiyo naijua tangu kabla sijajua kusoma.

Basi Bibi akawa anashinda nyuma ya turubai lake, kanga kichwani, mvua ikimnyeshea. Mkwe naye, kijana mwenye adabu zake, alizunguka safu nzima ili aingie kwake kwa nyuma, akiinua turubai kama mwizi. Katikati yao alikuwa Lea, mwenye mimba ya miezi minane. Hapa kambini hana mwanamke mwingine wa kwao wa kumshika mkono siku hiyo ikifika.

Jana Bibi aliomba aandikwe kwenye lori la kwenda kambi nyingine. Mimi sikuambiwa. Leo saa tatu asubuhi lori limeondoka naye.

Saa tatu na nusu nikafika na nyundo. Nilikuwa nimeamua, hatimaye, kuharibu safu. Sikumwona Bibi, nikadhani yuko kwenye foleni ya maji. Vigingi vitatu, kamba mbili. Hata dakika ishirini hazikuisha. Lea alisimama mlangoni kwake akinitazama mpaka nikamaliza.

"Sasa umegeuza kwa ajili ya nani, kaka?"

Ndipo akaniambia.

Nimerudi nyumbani nikaufungua mchoro wa Mirihi. Nimeweka mahali pa hewa, pa maji, pa kuoteshea nyanya, hata pa kufanyia mazoezi. Mahali pa mtu kumkwepa mwenzake kwa heshima, hakuna.

Nilidhani upweke ndio ubaya pekee unaoweza kumpata mtu ugenini.

Kesho lori linarudi huko na magodoro. Dereva amekubali kunichukua, baada ya kuniuliza mara mbili nina shida gani. Lea amenipa kitenge cha mama yake kilichosahaulika kwenye kamba, na ujumbe: mlango umegeuzwa, arudi kabla mtoto hajafika. Kama atakubali, na kama msimamizi ataruhusu jina lifutwe kule na kuandikwa tena huku, sijui.

Nitaanza na shikamoo. Akiitikia, nitamwomba msamaha. Asipoitikia, nitamwomba vilevile.