Pikapu ya Baba Haiuzwi

Mtaa wa Sokoni,
Katoro, Geita.
14 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Melania,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lililokusumbua tangu masika limetulia. Baridi ya Songea mwezi huu naifahamu, usiache sweta. Sisi huku wazima. Baba hajambo, anakula vizuri na anagomba vizuri pia. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatia kabla sijafika nusu.

Habari yenyewe ni pikapu. Najua mlikubaliana na Baba iuzwe, na ukamtafutia mnunuzi wa vyuma chakavu. Sikulaumu. Injini ilikuwa inagonga, taa ya oili haizimiki, na kila fundi wa barabarani alisema imekwisha. Lakini Shangazi, tangu mume wangu atutoke, mpunga ninaoutoa Ushirombo kuuleta sokoni hapa unabebwa na gari hilo. Likienda kwenye vyuma chakavu, mimi narudi kuwa kibarua wa mashamba ya watu. Hilo nimelikataa.

Sasa usicheke. Ugonjwa wa gari ulitoka kwa Baba mwenyewe, naye amenikataza nisikuandikie hilo. Unajua alivyochimba dhahabu Mwakitolyo. Kule mchanga uliokwisha kuoshwa hautupwi, wanauita marudio, unarundikwa uoshwe tena siku nyingine. Basi Baba alikuwa akiomba oili iliyotumika kwenye mashine za kusaga mawe, anaiacha itulie dumuni, kisha anamimina ile ya juu kwenye pikapu. "Uchafu ni mzito, unakaa chini," alikuwa akiniambia. "Ya juu ni nzima." Na ya zamani hakuimwaga. Aliongeza tu.

Nilimwita fundi Mageni, yule wa karibu na mnada. Alifungua kifuniko cha juu cha injini, tukakuta tope jeusi zito, unalichota kwa kijiko. Majirani walisema tusiliguse, eti uchafu ndio umeziba nyufa, tukiosha itavuja kila mahali. Nikawajibu kama ni kuvuja na ivuje niione, kuliko inife barabarani na mzigo.

Mageni hakutaka kumimina dawa ya kusafishia haraka haraka. Alisema tope likibanduka kwa mkupuo litaziba njia ya oili na injini itanoki, ikwame kabisa. Kwa hiyo tulifungua kwanza bakuli la chini, linalokaa oili. Chujio lililomo humo lilikuwa limeziba kabisa. Nilikaa chini na dizeli kwenye beseni, nikakwangua kwa mikono yangu mpaka kucha zikawa nyeusi. Zingali nyeusi hata sasa ninapokuandikia.

Baba alisimama amekunja mikono. Roho iliniuma kumwona hivyo. Alikuwa ameitunza pikapu ile kwa akili yake yote, na akili yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiiua.

Tulirudisha bakuli, tukatia oili mpya nyepesi, tukaiacha injini iungurume taratibu bila kukanyaga mafuta. Tukaimwaga oili ile, ikatoka nyeusi. Tukatia nyingine, ikatoka nyeusi tena. Mageni akaniuliza kama tuendelee. Nikamwambia tuendelee. Mwishowe tukabadilisha chujio la nje na kutia oili nzuri. Nikawasha. Taa iliwaka, kisha ikazimika. Baba aliniomba nizime niwashe tena ili aione ikizimika.

Kuvuja inavuja kidogo, sikufichi. Mageni atabadilisha gasketi, na oili hii nayo nitaimwaga mapema, kwa sababu tope halikuisha lote. Sitachoka.

Jioni hiyo Baba alilichukua dumu lake la oili chakavu, akatafuta brashi, akaanza kuipaka nguzo za zizi kuzuia mchwa. Alipaka mpaka dumu likawa tupu. Kisha akanijia, ananuka oili, akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mwandikie dada yangu. Gari haliuzwi."

Basi nimekuandikia, Shangazi. Mwambie mtu wako asije.

Nisalimie Mjomba Kamili, Evelina na watoto wote. Mwanangu Limi anasema shikamoo bibi. Mungu akulinde na akupe miguu ya kuja huku mavuno yajayo, nami nitakupokea stendi kwa pikapu.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Generoza