Kikombe cha Zahara

Mwanaheri, posa yangu na Nurdini imevunjika! Wageni wametoka sasa hivi.

Mdogo wangu Zahara ndiye aliyewaletea chai. Shangazi yake Nurdini alipoiona ngozi yake, akasukuma kikombe. "Kumbe mna ualbino? Mbegu hiyo haiingii kwetu."

Mbele ya mtoto! Akasukuma kikombe!

Nikamjibu, "Shangazi, ualbino hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili, hata kama wao hawanao."

Bibi yake Nurdini, aliyekuja nao, akamgeukia shangazi. "Umesikia? Na wale watoto wako wawili unaowaficha kijijini Bungu, ni mbegu ya nani?"

Nurdini akang'aka, "Bibi, si tulikubaliana usiseme?"

"Tulikubaliana", Mwanaheri. Nurdini huyohuyo aliyemnunulia Zahara kofia ya jua.

Wameondoka na posa yao. Zahara yuko jikoni, anakiosha kile kikombe mara ya tatu. Hakuna aliyekinywea.