Skrubu Mbili Kinywani

Jumatatu, 3 Februari
Nimeyasugua meno kwenye bakuli kabla ya chai, kama kila asubuhi. Meno matatu ya mbele kwenye kipande cha plastiki ya pinki. Yana utelezi kama konokono. Nayachukia. Tangu ng'ombe wa shemeji yangu kule Rujewa aliponipiga pembe mwaka juzi, mdomo huu si wangu.

Leo darasa la kwanza tulikuwa kwenye silabi. Fa, fe, fi. Kwenye "fo" yakachomoka, yakaangukia daftari la mtoto, na mate juu. Watoto hawakucheka. Walirudi nyuma. Hicho ndicho kilichoniuma.

Jumamosi, 8 Februari
Mume wangu, Baba Neema, kanipeleka kwa Dokta Ambwene, Uyole. Wanaimba besi pamoja kwenye kwaya ya usharika. Dokta ana chumba nyuma ya maduka ya mbolea. Akasema meno ya kuvaa na kuvua ni ya bibi zetu. Yeye anapandikiza: skrubu inaingia kwenye mfupa wa taya, jino linakaa juu yake, unatafuna hata mahindi ya kuchoma. Tena anamaliza siku hiyohiyo. Hospitalini wangenizungusha miezi.

Kisahani cha vifaa kilikuwa na maji rangi ya chai. Nilikiona. Nikapanda kwenye kiti hata hivyo. Nilitaka meno.

Sindano ya ganzi. Mlio wa kuchimba. Harufu ya mfupa wangu mwenyewe ukiungua. Skrubu mbili, meno matatu. Nimejitazama kwenye simu. Mazuri. Nimelia.

Jumapili, 23 Februari
Ladha ya chuma na chumvi tangu juzi. Fizi zimevimba, rangi ya ini. Nikibonyeza kwa kidole unatoka usaha. Kinyaa. Halafu nabonyeza tena.

Baada ya ibada nilimweleza Dokta Ambwene. "Mfupa unazoea, mwalimu. Sukutua maji ya chumvi, usiwe na wasiwasi." Akanipigapiga begani. Nikajitoa chini ya mkono ule.

Ijumaa, 7 Machi
Nanuka.

Ofisini walimu wamefungua madirisha na mvua inanyesha. Nyumbani Baba Neema ndiye aliyesema waziwazi: siku hizi husugui meno? Nasugua mpaka damu. Meno yanacheza yote matatu kwa pamoja, kama mlango uliolegea bawaba. Nikila ugali, kitu cha moto kinashuka kooni. Najua ni nini. Nameza. Natapika nyuma ya choo. Nimeacha kumbusu Neema wangu akienda shule.

Ijumaa, 14 Machi
Iringa, kwa mdogo wangu Tumaini. Nilimwambia mwalimu mkuu nina msiba mdogo wa familia. Tumaini alinikumbatia, akashtuka, akanivuta mkono moja kwa moja mpaka hospitali.

Daktari wa meno ni msichana mwenye miwani. "Kamwene, mwalimu," akanisalimu Kihehe. "Fungua mdomo." Hakugeuza uso. Wa kwanza kutogeuza uso. Picha ya eksirei, kisha ganzi. Hakutumia nguvu yoyote. Skrubu zilitoka kama miiba kwenye tope. Usaha ukafuata. Akaziosha, akazigeuzageuza chini ya taa.

"Mwalimu, aliyekuwekea hizi alizitoa wapi?"

Nikasema sijui. Kwenye kisahani.

"Kichwa cha skrubu kimechubuka. Na huu ugaga, uchafu wa meno uliogandamana kwenye nyuzi zake, haujengeki kwa wiki chache. Hizi zilishakaa kwenye kinywa cha mtu mwingine."

Nimetapika kwenye beseni lake. Akanishikia kichwa. Amenitoa damu ya kupima, na nitarudi kupimwa tena baadaye, maana magonjwa mengine hayajionyeshi mapema. Skrubu kanipa kwenye kichupa.

Mtu mwingine. Pengine marehemu. Nimeoga, nikaoga tena. Haisaidii, uchafu ulikuwa ndani ya mfupa.

Jumapili, 16 Machi
Nimerudi Mbeya. Nimemwonyesha Baba Neema kichupa, nikamweleza yote. Akatazama pembeni.

"Sasa Mama Neema, ndugu yetu huyu. Pasaka hiyo inakuja, kwaya ina mashindano. Tusimchafulie jina. Nitaongea naye kiume."

Jina. Mimi nimekula usaha mwezi mzima, yeye anafikiria jina la mwimba besi. Nimekiona kinywa chake kikisema hayo, chenye meno yote, meupe. Kimenichukiza kuliko changu.

Jumamosi, 22 Machi
Nimekwenda Uyole peke yangu. Pengo wazi, bila chochote mdomoni. Benchi lilijaa: akina mama wa sokoni, dereva wa lori, mzee mmoja kashika shavu. Niliwasalimia, nikafungua mdomo wote wauone. Nikamimina skrubu kiganjani, nikawaambia zilitoka kwangu, na kabla yangu zilitoka kwa mwingine.

Dokta Ambwene akatokea na glovu zina damu. "Dada yangu, haya tuongee ndani."

"Hapahapa."

Akarudi ndani. Dereva aliondoka, na mama mmoja na binti yake. Mzee akaniuliza, "Lakini ganzi yake inashika?" Akabaki. Wengine nao wakabaki. Nimeshindwa hata kuwachukia. Nimetoka pale moja kwa moja kwa mganga mkuu wa wilaya, nyumbani kwake, na kichupa.

Jumanne, 1 Aprili
Watu wa mganga mkuu wamekifunga chumba cha Ambwene. Wamekuta skrubu nyingine, ndoo nzima, ndani ya maji. Ndoo. Kwaya wananitazama kama mimi ndiye niliyewatemea mate. Baba Neema haongei nami, anapitisha maneno kwa Neema.

Majibu ya damu ya kwanza: salama. Nimekaa jikoni, nikayasoma tena.

Alhamisi, 8 Mei
Jioni Baba Neema alikuja nilipokuwa nachambua mchele. Kasema mama mmoja wa kwaya ametoka hospitali, taya limeoza upande. Alipelekwa kwa Ambwene na mumewe vilevile. "Nilikupeleka mimi," akasema. Nilisogeza ungo, akakaa, akaanza kutoa mawe.

Jumatano, 16 Julai
Iringa. Baridi kali, jua lipo. Baba Neema kaomba ruhusa kazini tumekuja wote. Kabaki nje kwenye benchi na koti langu.

Damu ya mara ya pili nayo salama. Mfupa umejaa, kasema daktari. Leo ataweka skrubu moja tu, kisha tungoje ishike. Meno yenyewe ni mwakani, pengine. Nimesema sawa.

Nilimwomba afungue pakiti mbele yangu. Hakukasirika. Akainua, nikasoma maandishi, nikagusa kingo kuona hazijafunguliwa. Akachana. Ndani, kitu kidogo, kikavu, kinang'aa.

Nikafungua mdomo.