Mkono Nilioushika Getini

Masasi, Jumapili mchana

Dada yangu Paulina,

Shikamoo. Anayekuandikia leo si yule mdogo wako aliyeondoka Masieda na begi moja la kushona. Ni mlinzi mkuu wa korosho zote za kusini. Nikipiga chafya hapa getini, bei inatikisika mpaka Ulaya.

Hujambo lakini? Goti linakusumbua bado na baridi ya huko? Na mahindi, yamebeba au mvua imewadanganya tena? Mimi ni mzima, ila joto la huku linanikausha kama ngozi iliyowambwa juani.

Nasikia habari zimefika mpaka kanisani kwamba nimefungwa kwa wizi. Dada, sikufungwa. Nilikaa kituoni siku sita tu, tena kwa heshima, mlango wangu ulikuwa na askari wake.

Ilikuwa hivi. Ghala letu lilivunjwa, zikaibwa mashine tatu za kupulizia dawa mikorosho. Zamu haikuwa yangu, nilishamwachia mwenzangu. Mwizi alisahau nondo aliyovunjia kufuli. Polisi wakaifuta ile nondo kwa pamba, kisha sisi walinzi wote wakatupitisha pamba ndani ya mashavu, vyote vikapelekwa maabara Dar es Salaam. Mate yangu yamepanda gari la serikali, dada! Nani katika ukoo wetu mate yake yamewahi kusafiri hivyo?

Baada ya wiki nyingi majibu yakaja. Kwenye nondo kuna vinasaba vya watu wawili. Vya wa kwanza ni vingi, mwenyewe hajulikani. Vya wa pili ni vichache mno, hata jicho haliwezi kuviona, na mwenyewe ni mimi. Na ile nondo sijawahi kuigusa, nakuapia kaburi la mama. Wakaniweka ndani siku hiyohiyo. Niliona nazeekea gerezani, na wewe huko unaitwa dada wa mwizi.

Mpelelezi ni binti, umri kama wa mwanao wa kwanza. Alinipa kiti.

"Mzee Boay," akasema, "mkono wa mtu unapukutisha ngozi na jasho. Ukimshika mtu, yeye akaenda akashika chuma, na wewe unaweza kuonekana kwenye chuma wakati hukwenda. Majibu haya yananiambia vinasaba vyako vimefika pale. Hayaniambii vimefikaje. Siku ile ulishikana mikono na nani?"

"Andika Masasi nzima."

"Nzima?"

"Binti, mimi ni mtu mkubwa. Nikipita barabarani ni mikono kushoto na kulia."

Akaweka kalamu chini. "Mzee wangu, kama ni wote, basi sina wa kumtafuta. Nabaki na wewe."

Nikajaribu kuhesabu. Madereva wa malori wananirushia karatasi kupitia dirishani. Mwenzangu wa zamu ananiachia ufunguo kwenye msumari, tunapishana hatuonani. Majirani wanaongea lugha yao, wakinipita wananipungia tu. Nikamwambia, "Mmoja. Mwezi mzima, mmoja." Usinielewe vibaya, dada. Ni cheo changu hakiruhusu kuzoeana.

Huyo mmoja alikuja getini jioni ya siku ile ya wizi. Akaniambia, "Saita!" Salamu yetu, huku Masasi! Akasema ni mtu wa Jorodom, kwao Katesh. Nikamshika mkono, na unajua sisi tunavyosalimiana, mkono hauachiwi mpaka ng'ombe wote waulizwe hali. Nikamweleza na ukubwa wa kazi yangu, mlango kwa mlango. Hilo nalo nililikiri kwa yule binti.

"Sura yake ikoje?"

"Sura siikumbuki. Mkono ndio naujua. Kidole gumba cha kulia hakina kucha, na hapa kwenye kifundo cha mkono, panapokaa saa, ana kovu la moto."

Wakamtafuta kwa mkono huo. Wakampata mnadani anauza mashine yetu ya tatu. Maabara baadaye ikathibitisha vile vinasaba vingi ni vyake, lakini mimi sikungojeshwa. Binti akanifungulia mwenyewe, akanipa mkono, akasema, "Pole, mzee." Kwa hiyo sasa ni wawili.

Kanisani uwaambie hayo, usimame mbele kabisa useme kwa sauti. Msalimie shemeji yangu, mume wako, mwambie jembe langu asilikopeshe. Wasalimie wapwa zangu, wanao wote, na yule mama jirani mnayechota naye maji. Mwalimu wa kwaya mwambie sauti ya besi bado ninayo, ila huku sina wa kuimba naye.

Kuna jambo dogo sikumwambia yule binti, na wewe usilisome kwa sauti. Nilimuuliza yule mtu, "Kwenu Jorodom mlima mnauona?" Akasema, "Tunauona, Kilimanjaro asubuhi inaonekana vizuri sana." Mtu wa Jorodom, dada, ambaye mlima Hanang umemwinamia juu ya paa! Na Kiiraqw chake kilikuwa kimeishia kwenye ile saita. Nilijua si wa kwetu kabla hata ng'ombe wa kwanza hatujamuuliza hali.

Sikuuachia mkono.

Mdogo wako,
Daudi Boay