Utepe Mweupe

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima, ila shemeji yako na magoti yake. Gauni lako ndilo hili. Kiunoni nimeliachia, maana ile picha uliyotuma imenionyesha mengi.

Unajua kiwandani tunashona sare moja kwa majeshi yote mawili, lenu na letu, tangu nchi zetu zifunge mkataba wa kulindana. Juzi msimamizi kaleta kazi mpya: utepe mweupe wa kuvaa mkononi, wa jeshi letu tu.

Nikamuuliza, "Wa nini?"

"Vijana wetu wasije wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe."

"Kwani nani mwingine anavaa sare hii, zaidi ya wenzetu wa ng'ambo?"

Akaenda zake kunywa chai.

Redioni wanasema mzozo wa serikali zetu ni maneno tu, hautafika vitani. Huenda. Lakini tepe elfu nane hazishonwi kwa mzaha.

Mwanao bado yuko mpakani? Wangu kapelekwa huko Jumatatu. Walivyofanana wale, mara ngapi nimemchapa wako kwa makosa ya wangu!

Fumua pindo la gauni, utakuta utepe mmoja. Mpe mwanao auweke mfukoni, auvae siku atakapokutana na ndugu yake.

Dada yako